Uso Gawanya kwa Kumi na Sita

Jumatatu, 4 Machi

Fundi wa meno amenikataza kuandika kwenye kiganja. "Dada, ukinawa tu, kazi yote imekwenda na maji. Tafuta daftari." Basi hili hapa. Ni kitabu cha miadi cha mwaka uliopita. Daktari alikuwa anakitupa, na zaidi ya nusu ya kurasa ni nyeupe.

Kazi yangu hapa kliniki ni kufagia na kuosha vyombo, na tangu mwezi jana namkorogea Fundi plasta ya kutengenezea sampuli za midomo ya wagonjwa. Ikiwa nzito inashika hewa, ikiwa nyepesi inavunjika. Ya kwangu haivunjiki. Leo ameigonga kwa ukucha akasema mkono wangu umezaliwa na plasta. Nimecheka mpaka barakoa imeshuka kidevuni. Amesema nikiendelea hivi atamwomba Daktari niachane na fagio, nikae naye mezani kabisa.

Nilichojifunza leo: meno ya bandia hayachaguliwi kwa macho kama viatu dukani. Fundi ana chuma cha kupimia chenye taya mbili. Anakibana taratibu kwenye mifupa ya mashavu, huku na huku, anasoma upana wa uso kwa milimita. Halafu anagawanya kwa kumi na sita. Jibu ndilo upana wa jino moja kubwa la mbele, la juu. Uso wa 136, jino nane na nusu. Jino likizidi, anasema, linaingia chumbani kabla ya mwenyewe. Likipungua, mtu mzima anacheka kama mtoto.

Siku zote nilidhani sura nzuri ni bahati tu. Kumbe ina hesabu. Na kugawanya naweza, ingawa shule niliiacha mapema.

Jumatano, 6 Machi

Mvua imeanza. Plasta haikauki.

Jumamosi, 9 Machi

Jino la pili la Kipusa limeshuka lote. Mwanangu ana miaka saba na sasa ana meno mawili makubwa ya mbele, meupe, ukingo wake una vijino-vijino kama msumeno mpya. Kwenye kile kiuso yanaonekana kama ameyaazima kwa mtu mkubwa. Mimi nimeyapenda. Nimemwambia acheke mara tatu, nimeangalia mara tatu.

Baadaye akaniuliza, "Mama, mimi nina mlango gani?"

"Mlango gani vipi?"

"Shuleni nikicheka wanasema, funga mlango, mvua inaingia."

Baba yake alikuwa anakula, akapaliwa kwa kicheko. Nikamkata jicho. "Pole, mama," akamwambia mtoto. "Hayo meno ya kwetu. Kamuulize shangazi yako." Wifi yangu ndiye mwenye meno kama hayo. Tangu nimjue anacheka na kiganja mdomoni. Anaolewa mwishoni mwa mwezi ujao, na Kipusa ndiye atakayemtangulia na maua.

Jumanne, 12 Machi

Mvua. Kipusa amerudi amefunga mdomo kama mtu aliyejaza maji mdomoni.

Ijumaa, 15 Machi

Fundi ameniazima chuma chake mpaka Jumatatu! "Pima watu wa nyumbani, mkono uzoee. Ukikiangusha usirudi." Nimekifunga kwa kitambaa, nikakiweka kifuani njia nzima, mwavuli nikauelekeza kwenye chuma kuliko kwangu.

Wifi alikuwepo. Nikamweka kila mtu kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, kama wagonjwa kweli.

"Daktari mpya huyo," akasema Baba Kipusa. "Utukumbuke, maana kesho hutatusalimia."

"Kaa kimya, mashavu yanacheza."

Wifi alikataa, nikambembeleza, akakubali. Uso wake 142. Ukigawanya unapata karibu tisa, na jino lake ni tisa. Nikapiga kelele, "Wifi! Meno yako yanafaa uso wako sawasawa, hata wangekuchagulia dukani wasingepata mengine!"

"Acha kunifariji," akasema, kiganja kikarudi mdomoni. "Chuma chenyewe kibovu hicho."

Mwisho Kipusa. Alikaa wima, macho ameyafumba kwa nguvu kama anachomwa sindano. Uso 112. Jino linatakiwa kuwa saba. Lake tisa. Nikapima tena, nikapata tisa.

Nikaandika karatasi safi, nikaitilia mistari kwa rula, kwa sababu nilikuwa najisikia vizuri mno:

*Baba: uso 140, jino linalotakiwa 8.75, alilonalo 8.5. Wifi: 142, 8.9, 9. Mama: 128, 8, 8. Kipusa: 112, 7, 9. AMEZIDI 2.*

Hiyo AMEZIDI nikaipigia mstari mara mbili.

Wifi akaisoma kwa sauti. Akaitazama tena. "Kwa hiyo hata hesabu inasema."

Mume wangu anashona viti vya magari. Akasema, "Kwetu kitambaa kikizidi tunakata." Tukacheka wote, hata Kipusa akacheka, kisha akakumbuka, akafunga mdomo. Karatasi mume wangu akaibandika mwenyewe kwenye mlango wa kabati. "Kazi ya mke wangu hiyo. Watu waione."

Jumatatu, 18 Machi

Nimerudisha chuma kikiwa kizima. Fundi ameangalia hesabu zangu zote, amesema safi. Kwenye ya Kipusa akapiga mluzi. "Milimita mbili! Angekuwa wa plasta ningemsaga hapa hapa unywe chai, ukirudi nimeshamaliza." Ndivyo anavyotania. Miaka ishirini na kitu, hajawahi kusikia mgonjwa wake akilia, kwa sababu wagonjwa wake wote wako kwenye rafu.

Nilicheka. Naandika hapa kwamba nilicheka.

Alhamisi, 21 Machi

Paa linavuja juu ya ndoo ileile.

Jumapili, 24 Machi

Wifi anafanya kazi studio ya picha. Kutwa yupo kwenye kompyuta, anafuta chunusi za watu. Leo amekuja na picha ya Kipusa, kaisafisha. Gauni la maua, nywele zimechanwa, na meno ameyapunguza. Madogo, mazuri, yamepangana kama punje za hindi.

"Dakika mbili tu nimemfanyia," akasema, akamgeukia Kipusa. "Shangazi, unajiona ulivyo?"

Kipusa alichukua ile picha kwa mikono miwili. Nimeikuta chini ya mto wake, imeshaanza kujikunja pembeni.

Nilimwambia wifi polepole, "Usimwonyeshe mtoto sura isiyo yake."

"Wewe mwenyewe umeandika amezidi."

Nikaenda kumwaga ndoo ya paa.

Ijumaa, 29 Machi

Baba Kipusa amemshonea Fundi kiti chake cha kazi, kile cha kuzunguka, kilichokuwa kinamwaga sponji. Ngozi nyekundu, mshono mara mbili. Fundi amekizunguka kama mtoto. "Shemeji, nikulipe nini?" Mume wangu akamwambia asijali, ipo siku.

Jumatano, 3 Aprili

Daktari wetu ni mwanamke mkavu. Miezi yote hii amenisemesha kuhusu glavu na ndoo tu, mimi nikasema moyoni, huyu anajisikia. Leo nataka niyafute hayo.

Nilikuwa napanga rafu ya sampuli za plasta. Akapita, nikajikuta nimemuuliza. Sauti ilitoka ndogo. "Daktari, mtoto wa miaka saba meno yake ya mbele yakizidi uso milimita mbili, anafanywaje?"

"Nani amesema yamezidi?"

"Nimepima. Uso gawanya kwa kumi na sita."

Nilidhani atacheka. Akavuta boksi chini ya rafu, akakaa sakafuni, yeye na koti lake jeupe, akanionyesha nikae. Akatoa midomo mitatu ya plasta, akaipanga. Mdomo mdogo, wa kati, mkubwa.

"Huyu ni mtoto mmoja. Hapa ana miaka saba, hapa kumi, hapa kumi na sita. Chukua kipimo hiki upime jino la mbele."

Nikapima. Tisa. Tisa. Tisa.

"Jino likitoka kwenye ufizi limeshamaliza kukua," akasema. "Linatoka na upana wa utu uzima, haliongezeki hata unywele. Uso ndio unaokua. Mtoto wa miaka saba kila mmoja ana meno makubwa, maana meno yametangulia, uso uko njiani. Hesabu ya Fundi ni ya uso uliokwisha kufika. Kumpima mtoto kwa kumi na sita ni kumkatia leo gauni atakalovaa akiwa bibi."

Nikauliza, "Kwa hiyo nilikosea?"

"Kugawanya hukukosea. Ulikosea mtu wa kumgawanya. Na hiyo kumi na sita yenyewe ni makisio tu. Inatusaidia kwa mtu aliyepoteza meno yote na hana hata picha ya zamani. Mwenye meno yake, meno yake ndiyo kipimo."

Kisha akainuka, akajipangusa, akasema glavu zangu zimetoboka.

Nimerudi nyumbani na mvua yote mgongoni, sikuisikia. Nikamshika Kipusa mashavu nikamwambia, "Meno yako yamewahi, mama. Uso wako unakuja." Akauliza utafika lini. Nikamwambia ukifika kumi na mbili, kumi na nne. Akahesabu kwa vidole, akaona ni vingi.

Baba yake nikamweleza yote, tisa tatu za plasta, gauni la bibi, yote. Akaitikia, "Sawa, sawa." Alikuwa anatafuta tochi.

Nilitaka kubandua ile karatasi kabatini. Nilikuwa na unga mikononi. Nikasema nitaibandua nikinawa.

Alhamisi, 4 Aprili

Sikumwambia Fundi. Nilianza, "Fundi, Daktari kasema..." akanigeukia na nta ikimchuruzika kwenye kisu, uso wake mwema, nikaona nitamfundisha vipi aliyenifundisha? Nikamalizia, "...kasema glavu zimekwisha."

Jumamosi, 13 Aprili

Mvua siku nne bila kupumzika. Wifi analia viatu vyake vya harusi vitaharibika. Harusi baada ya wiki mbili.

Jumatano, 17 Aprili

Kipusa amecheka leo, mdomo wazi, paka alipodumbukia kwenye beseni. Nimehifadhi hapa.

Jumamosi, 20 Aprili

Nitaandika yote kwa mpangilio.

Asubuhi wifi alinituma kwa mshonaji nikachukue gauni la Kipusa. "Wewe ndiye unayejua mwili wake, likibana utaona." Mshonaji alikuwa hajamaliza. Mvua ikanifungia pale. Nikakaa kwenye benchi lake nikimsaidia kushona vifungo, nikijiona mama mwenye bahati, maana lilikuwa gauni zuri.

Nilipofika nyumbani walikuwa ndiyo wanaingia. Mume wangu, wifi, na Kipusa katikati na leso mdomoni. Wifi akasema, "Tumekuletea zawadi." Akamgeuzia mtoto kwangu. "Shangazi, mwonyeshe mama."

Kipusa akatoa leso.

Meno yake yamekatwa ubavuni, huku na huku, yote mawili. Yamesimama wima, membamba kama vijiti vya kibiriti vilivyobaki. Katikati yake kuna uwazi, pembeni kuna uwazi. Weupe haupo ubavuni, kuna rangi ya manjano, ya ndani. Mdomo wake ulikuwa unanuka kile ninachokijua kutoka kazini, pembe iliyoungua, jiwe la kusagia likikaa mahali pamoja kwa muda mrefu.

"Mama, sikulia," akasema. "Fundi alisema nikilia mkono wake utateleza."

Nikapiga magoti nikamshika kidevu, nikamgeuzia mwangani.

Mume wangu alikuwa ameshika ile karatasi, gundi bado iko pembeni. Alikuwa na furaha. Hilo ndilo linaloniua, alikuwa na furaha kama mtu aliyeleta kitu nyumbani. "Usiogope, haikuwa kubahatisha. Fundi alikuwa anasaga kidogo anapima, anasaga kidogo anapima, mpaka ikasoma saba kamili. Yote mawili. Hesabu yako."

"Nilikwambia alichosema Daktari."

"Ulisema."

"Nilikwambia yanatangulia! Uso unafuata!"

"Uliniambia, sikatai. Lakini hiki uliandika." Akanionyesha karatasi, kidole chake kikubwa kwenye mistari yangu miwili. "Kazini kwangu mteja anaongea mengi, kinachokatwa ni kilichoandikwa. Mama Kipusa, nilikuamini wewe."

Aliniamini nilipokosea. Nilipopatia, alikuwa anatafuta tochi.

Wifi akasema, "Mtoto mwenyewe alitaka. Muulize." Na kweli Kipusa alikuwa ameishika ile picha ya studio, imelowa. Akaenda kwenye kioo. Akatazama picha, akatazama kioo, picha, kioo. Akanigeukia.

"Mama, mbona siyo haya?"

Wifi akatoka nje akasimama mvuani bila mwavuli.

Nilimpa maji. Alipopitisha funda la kwanza la maji alipiga kelele ambayo hakuipiga kwa Fundi. Nimeyapasha moto, nimempa kwa kijiko upande wa shavu. Hewa nayo inamuuma, anapumulia pua. Gauni limemkaa vizuri, halibani popote.

Jumatatu, 22 Aprili

Nilimpeleka Kipusa kwa Daktari kabla kliniki haijafunguliwa. Alimtazama muda mrefu. Akamwambia, "Wewe ni hodari," akampaka dawa ya kufunika ubavu wa meno, akampa kitabu cha katuni. Kisha akaniita chumba cha plasta, Fundi akiwa kwenye kiti chake chekundu.

"Nani amemfanya hivi?"

Fundi akasimama. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nimelala na hiyo chuki moyoni siku mbili. Nikamwona amekunja mikono kama mtoto wa shule, nikashindwa.

"Baba yake aliniomba. Jumamosi hapakuwa na mtu. Mimi nilidhani..." Akanitazama mimi. "Dada, niliona mwandiko wako. Mtoto wa kwako, kipimo chako. Nikajua umeshaamua."

"Ganda la nje la jino la mtoto lina unene gani?" Daktari akamuuliza.

Hakujua. Miaka ishirini na kitu.

"Yangu hayana ganda la nje," akasema. "Yangu ni namna moja mpaka ndani."

Nikatoa karatasi mfukoni, Daktari akanyoosha mkono akaichukua. "Mwandiko huu wa nani?"

Fundi akainama. Angeweza kusema, hakusema. Na mimi ningeweza kusema ni wa mume wangu. Lilikuja hilo wazo, liliketi kabisa.

"Wangu," nikasema. "Na ulishanifundisha, Daktari. Nikaiacha kabatini. Na yeye sikumwambia, niliona haya."

Fundi ameondoka leo hii na chuma chake na visu vyake vya nta kwenye mfuko. Mlangoni akaniambia, "Maisha yangu yote nasaga meno yasiyo na mtu." Kiti amekiacha. Mimi Daktari hakunifukuza. Ameniambia tu, bila ukali, "Plasta acha. Rudi kwenye usafi kwanza."

Kwanza. Nimelishika hilo neno, halina mpini.

Jumamosi, 27 Aprili

Harusi. Mpiga picha kila dakika, "Haya, chekeni!" Bibi harusi kiganja mdomoni, mshika maua midomo imebanwa. Kwenye picha zote ni hao wawili tu ambao hawajacheka, na ni wao wanaofanana.

Alhamisi, 2 Mei

Nimekwenda shuleni kumwambia mwalimu asimpe mtoto maji ya bomba, baridi yake inamuuma. Nikamuuliza kuhusu ule utani wa mlango. Alifikiri kidogo. "Ah, ule? Uliisha zamani. Sasa wanamwandama mmoja mwenye masikio." Akasema uliisha baada ya wiki kama mbili hivi, kabla hata Aprili haijaingia.

Jumatano, 8 Mei

Wifi amekuja peke yake. Hakukaa kitini, alikaa chini karibu na jiko langu na kunisaidia kuchambua mboga, vibaya, anatupa na majani mazima.

"Nilitaka asipitie niliyopitia," akasema. "Mimi waliniita Sepetu, kwa meno haya, mpaka namaliza shule. Wifi, mpaka leo sijui nikicheka nafananaje."

Nilikuwa nimepanga maneno makali, nimeyanoa wiki tatu. Badala yake nikamshika mkono nikautoa mdomoni, nikamvuta mpaka kwenye kioo cha Kipusa.

"Cheka."

"Niache bwana."

"Cheka nikuone."

Akacheka kwa aibu, upande mmoja. Uso mpana, mifupa ya mashavu imesimama, meno yale yamejaa mahali pake. Mwanamke mzuri kabisa. "Uso wako uliyafikia meno yako miaka kumi iliyopita," nikamwambia. "Wewe tu hukuangalia. Chuma kilikwambia, ukasema kibovu. Kilekile kilipomsema mtoto, ukasema kizima."

Alilia. Nikamwacha alie. Mimi bado sijamsamehe, lakini nimeacha kumwogopa.

Jumanne, 14 Mei

Mvua nyembamba. Kipusa anafunika mdomo kwa kiganja. Kile kiganja nakijua.

Jumamosi, 18 Mei

Jino la kushoto limeanza kubadilika rangi. Jana nilisema ni chai. Leo nimelisugua, siyo chai.

Jumatatu, 20 Mei

Daktari amepiga picha ya ndani. Anasema jino la mtoto lina kiini kikubwa, na jiwe la Fundi lilikipasha moto. La kushoto linakufa. Mzizi wake haujamaliza kujijenga, kwa hiyo atalitunza ili angalau libaki limesimama, ziara nyingi, miezi mingi. La kulia huenda likapona.

"Na upana?" nikauliza.

"Naweza kuyajazia ubavuni kwa dawa ya rangi ya jino. Lakini hiyo ni kazi ya mkono wangu, inachakaa. Itavunjika, itarudiwa. Na uso ukiongezeka, tutaongeza. Akiwa na miaka kumi, akiwa na kumi na tano, akiwa na mtoto wake."

"Na ukubwa tutaujuaje?"

Akafikiri. "Tutaangalia ya shangazi yake."

Baba Kipusa alikuwa amekaa nje kwenye benchi. Kila ziara anakuja, anaacha kazi. Haingii ndani, hajui atazame wapi. Nilimweleza, akauliza, "Mimi naweza kufanya nini?" Nikamjibu, "Sikiliza ninaposema." Akaitikia, na mara hii hakuwa anatafuta kitu.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekatika. Siku ya tatu kavu. Ndoo nimeitoa chini ya paa, pamebaki duara sakafuni.

Leo Daktari ameleta fundi mpya, kijana mtaratibu, amekaa kwenye kiti chekundu akasema kizuri, nani alikishona. Nilikuwa nafagia. Nikamwambia, mume wangu. Plasta yake nyepesi mno, nimeiona kwa mbali. Itavunjika. Kesho nitamwambia, hata kama nitaona haya.

Jioni, jua likiwa bado mlangoni, nilimwita Kipusa kwenye kigoda. Chuma sina. Nilichukua uzi mweupe wa baba yake, ule mnene wa kushonea viti, nikaupitisha mbele ya uso wake kutoka mfupa huu wa shavu hadi huu, nimeunyoosha bila kuukaza. Baba yake akashika ncha moja, vidole vyake vikubwa vimeubana, mimi nikakata nyingine. Nikaulaza kwenye rula.

Mia na kumi na mbili, na kitu kidogo. Kitu kidogo chenyewe ni kama unene wa huo uzi.

"Umepata ngapi?" Kipusa aliuliza, kiganja mdomoni.

"Umekua."

"Kweli? Uso unakuja?"

"Unakuja, mama. Uko njiani."

Akatoa kiganja, akajitazama kwenye dirisha, akakirudisha.

Uzi nimeubandika kwenye ukurasa huu kwa gundi ileile iliyobandika ile karatasi. Mwakani mvua zikiisha nitakata mwingine, niubandike chini yake, na mwingine, mpaka asome mwenyewe kitabu hiki aone nani aliandika nini. Nimeandika tarehe, nimeandika upana wa uso. Kalamu ikabaki juu ya karatasi, mkono umeshazoea kinachofuata.

Sikugawanya.